Msitu Uliopitwa Mara Mbili

Mwezi wa pili ukifika katikati, mbayuwayu wa Goma hujazana kwenye nyaya za umeme, bega kwa bega, kama abiria wanaongoja gari moja. Wengi wao si wazaliwa wa hapa. Walikimbia baridi ya Ulaya, wakala wadudu wa kwetu miezi kadhaa, na sasa huko kwao baridi inalegea nao wanajiandaa kurudi. Sisi hatuna baridi ya kulegea. Tuna kiangazi kidogo cha Januari na Februari, kinachofunika milima kwa vumbi na ukungu hadi mgeni aliyeshuka jana akiambiwa pale mbele kuna volkano haamini. Halafu mvua mbili tatu za kwanza huosha anga, na asubuhi moja unafungua mlango unakuta Mikeno imesimama wazi na urefu wake wote wa mita 4,437, kama iliyosogea usiku.

Wanaofuatilia wanyama kule juu wanaujua mgeuko huu wa majira kwa dalili nyingine. Mvua zikirudi, mianzi huchipua. Chipukizi la mwanzi ni laini na lina maji mengi, na gorila hulipenda kuliko majani mengi anayokula siku zote. Familia iliyokuwa ikishinda kwenye miteremko yenye mimea ya galium, upupu na mibaruti inaweza kuhamia ukanda wa mianzi ikakaa humo siku nyingi. Aliyejua juzi ilipolala, leo hajui tena.

Hilo la kuhama nimelitanguliza kwa sababu ndilo linaloeleza kazi moja iliyofanywa kwenye milima yetu, ambayo watu wengi wanajua jibu lake bila kujua ilivyofanywa. Tarehe 31 Mei 2018 ilitangazwa kuwa gorila wa milimani wa safu ya Virunga wamefika 604. Namba hiyo ilizunguka dunia. Hapa Goma tuliisikia redioni, tukafurahi, tukaendelea na shughuli. Nadhani inastahili zaidi ya furaha. Inastahili kufunguliwa kama injini, tuone kila chuma kinafanya nini.

Kwanza eneo. Safu hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 450 hivi, imegawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Uganda, na mpaka unapita juu ya vilele: Karisimbi, Visoke, Sabinyo, Gahinga, Muhabura. Upande wetu ni sekta ya Mikeno ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika. Nyiragongo na Nyamulagira, hizi mbili zinazotutia hofu, haziingii katika hesabu hii. Gorila hawaishi huko. Kwa ukubwa huo mtu angedhani msitu unaweza kuhesabiwa kwa juma moja. Lakini ni makorongo juu ya makorongo, mianzi iliyolala na kufungamana mpaka unapita kwa magoti, na uoto wa chini unaoficha mnyama wa kilo 150 aliye hatua kumi mbele yako.

Wa kwanza kufanya kazi hii kwa utaratibu alikuwa George Schaller, aliyeweka kambi Kabara, chini ya Mikeno, mwaka 1959 na 1960. Alikadiria gorila wapatao 450. Miaka ishirini baadaye, hesabu ya 1981 ilipata 254 tu. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na ujangili, na upande wa Rwanda sehemu kubwa ya msitu ilikatwa ili kulima pareto. Kisha namba ikaanza kupanda taratibu: 324 mwaka 1989, 380 mwaka 2003, 480 mwaka 2010, halafu hiyo 604. Ukizipanga hivi zinaonekana kama ngazi moja. Nitaeleza mbele kwa nini ngazi hiyo haikujengwa kwa mbao za aina moja.

Unamhesabuje mnyama ambaye hataki umwone? Kuna gorila waliozoeshwa watu, ambao walinzi na pisteri, yaani wafuatiliaji nyayo, huwatembelea kila siku. Hao hawana shida. Kila mmoja ana mikunjo ya ngozi juu ya pua isiyofanana na ya mwingine, na pisteri mwenye uzoefu huwataja kwa majina kama mwalimu anavyoita darasa lake. Shida iko kwa wengine, wale wanaosikia tawi likivunjika na kutoweka. Hao hawahesabiwi kwa macho. Wanahesabiwa kwa vitanda vyao.

Gorila hatandiki kitanda kimoja akakirudia. Kila jioni, kila mmoja aliyekwisha kuacha ziwa hukunja matawi na majani akajitengenezea kiota kipya, analala, na asubuhi anaondoka. Mtoto mdogo hulala na mama yake. Na kuna jambo ambalo watu wa adabu hulitaja kwa sauti ya chini, ila bila hilo kazi yote isingewezekana: gorila hujisaidia kitandani. Kiota cha jana kina kinyesi ndani yake, na kinyesi kinasema mengi. Hupimwa kwa rula. Kikizidi upana wa sentimita 7.2, na kukiwa na nywele za rangi ya fedha zilizobaki kwenye majani, hapo amelala dume mzima, mgongo wa fedha. Kati ya 5.5 na 7.2 ni jike mzima au dume kijana. Chini ya hapo ni mtoto. Kinyesi kidogo kando ya kikubwa katika kiota kimoja maana yake mama na mwanawe.

Timu ikikuta njia mbichi ya gorila, yaani majani yaliyokanyagwa, mabua yaliyomenywa, alama za vifundo vya mikono kwenye tope, huifuata kinyumenyume au kwenda mbele hadi ipate makazi ya usiku, kisha ya usiku uliotangulia, kisha ya tatu. Usiku tatu, kwa sababu usiku mmoja hudanganya. Kiota kimoja kinaweza kuwa kimefunikwa na upupu usikione. Lakini makazi matatu yakikupa gorila kumi na wawili, kumi na wawili, kumi na mmoja, unaanza kuwa na uhakika kwamba familia ile ni ya kumi na wawili.

Kwa miongo mingi hesabu iliishia hapo, na ilikuwa hesabu nzuri. Ila ilikuwa na matundu mawili. La kwanza: ukikuta familia ya kumi na wawili huku, na siku nne baadaye timu nyingine ikakuta familia ya kumi na wawili kule ng'ambo ya korongo, je, ni familia mbili au ni moja iliyotembea? Watu walikaa usiku kambini wakibishana kwa kulinganisha idadi ya madume na ukubwa wa kinyesi. La pili lilikuja kufichuka Uganda, kwenye msitu wa Bwindi, mwaka 2006. Huko kinyesi kilichukuliwa kutoka vitandani kikapelekwa maabara, na vinasaba vikasomwa. Kwa kuhesabu viota walikuwa wamepata gorila 336. Vinasaba vikasema 302. Baadhi ya gorila walikuwa wametandika zaidi ya kitanda kimoja kwa usiku mmoja. Tangu Schaller watu walikuwa wakiamini kitanda kimoja ni gorila mmoja, na imani hiyo ikaanguka kwa vichupa vya kinyesi.

Kwa hiyo timu zilizoingia Virunga mwishoni mwa 2015 zilibeba rula kama babu zao wa kazi, pamoja na vichupa. Zilikuwa timu 12, watu wa taasisi ya hifadhi ya Kongo, ICCN, wenzao wa Rwanda na Uganda, na mashirika yanayowasaidia. Kila timu ilipewa eneo lake, na zilisogea zikipakana, njia zikiwa karibu karibu kiasi kwamba familia isingeweza kupenya katikati bila kuacha mkwaruzo unaokatiza njia ya mtu. Zaidi ya kilomita 2,000 zilitembewa kwa miguu. Ukitaka kujua kilomita 2,000 za kule ni nini, panda Nyiragongo mara moja, halafu ufikirie kupanda bila njia iliyofyekwa.

Kinyesi kina utaratibu wake. Hutiwa kwanza kwenye alkoholi, kisha baada ya siku moja hivi huhamishiwa kwenye chembe za silika, zilezile za kwenye vipakiti vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya, ili zinyonye maji yote. Hapo ndipo vinasaba vinakaa bila kuoza hadi vifike Leipzig, Ujerumani, kwenye Taasisi ya Max Planck. Kinachosomwa si mwili wa majani yaliyoliwa, ni chembe za utumbo wa gorila mwenyewe zilizobanduka na kushikamana juu ya kinyesi. Maabara hutazama mahali kadhaa kwenye vinasaba ambapo herufi chache hujirudia rudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya gorila na gorila. Sehemu moja haitoshi, hasa kwa jamii ndogo ambamo ndugu wanaoana na kufanana. Lazima sehemu ziwe za kutosha kumtenga kaka na kaka. Na sehemu nyingine huonyesha kama ni dume au jike. Mwisho wa yote, kila kinyesi kinapata jina lake, na vinyesi viwili vya gorila mmoja, hata vikiokotwa na timu mbili katika mabonde mawili, vinatambulika kuwa vya mwenyewe mmoja. Ubishi wa kambini ukaisha.

Sasa mvua. Kwa mfuatiliaji, mvua ni rafiki: tope linashika alama, majani yaliyovunjwa yanaonekana. Kwa kichupa, ni adui. Matone huosha zile chembe za juu ya kinyesi, na joto na unyevu hula vinasaba vilivyobaki. Kinyesi cha siku nyingi kilichonyeshewa mara nne kinapimika kwa rula na hakisomeki maabara. Hivyo timu ilipaswa kufika haraka kwenye kiota kuliko ilivyolazimika zamani, katika majira yaleyale yanayofanya njia ziteleze.

Lakini uamuzi mkubwa wa hesabu hii, ninaouona kuwa kiini chake, haukuwa wa maabara. Ulikuwa wa kurudi. Baada ya kuupita msitu wote mwishoni mwa 2015, waliupita wote upya kati ya Machi na Mei 2016, kana kwamba hawakuwahi kufika. Ni gharama mara mbili, ni magoti mara mbili. Kwa nini?

Chukua gunia la maharage pale soko la Virunga. Mwuzaji mwenyewe hajui lina punje ngapi. Chota punje 60, zitie wino, zirudishe, tikisa gunia. Chota tena 60. Ukikuta 15 zina wino, basi wino umeingia kwenye robo ya gunia, na gunia lina punje karibu 240. Ukikuta 50 zina wino, gunia ni dogo na ulikuwa umeshaligusa karibu lote. Mchoto wa kwanza peke yake haukuambii chochote kuhusu ulichokiacha. Wa pili ndio unaoupima wa kwanza.

Kwa gorila, wino ni vinasaba. Gorila aliyeokotwa kinyesi mwishoni mwa 2015 akaonekana tena Aprili ana wino. Aliyetokea Aprili tu ni ushahidi kwamba mpito wa kwanza ulimruka. Na walikuwepo: familia ambazo mpito mmoja ulizikosa kabisa, mwingine ukazinasa. Hapa ndipo kuhama kwa familia kunapoingia. Mzunguko wa pili haukuwakuta gorila palepale. Pengo la miezi lilikuwa limepita, kiangazi kidogo kikiwa katikati, na familia zilikuwa zimesogea. Iliyokuwa imejificha kwenye korongo lisilofikika ilipata nafasi ya kutoka, na gunia, kwa namna yake, likatikiswa.

Halikutikiswa vizuri, na hilo tulikubali. Maharage ni punje; gorila ni mashada. Ukimpata mmoja wa familia umewapata karibu wote, ukimkosa umewakosa wote. Hesabu ya gunia inadhani kila punje ina bahati yake. Isitoshe, miezi ile watoto wanazaliwa, na wapo wanaokufa. Kwa sababu hiyo 604 iliyotangazwa ni idadi ya chini: gorila waliojulikana kuwapo, katika familia 41, pamoja na madume 14 wanaotembea peke yao. Hakuna aliyeongezwa kwa kukisia.

Turudi kwenye ngazi. Kutoka 480 mwaka 2010 hadi 604 ni gorila 124 zaidi, karibu asilimia 4 kwa mwaka. Magazeti yaliandika kuwa gorila wameongezeka kwa robo. Fungua namba hizo ndani. Mwaka 2010, 352 walikuwa wamezoeshwa watu na 128 hawakuzoeshwa. Hesabu mpya ilipata 418 waliozoeshwa na 186 wasiozoeshwa. Piga hesabu kwa miaka sita: waliozoeshwa wameongezeka karibu asilimia 3 kwa mwaka, na wasiozoeshwa zaidi ya asilimia 6.

Namba ya pili haiwezekani kwa kuzaa tu. Gorila jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 10, na baada ya hapo hupata mtoto mmoja kila miaka minne hivi, na si watoto wote wanaokua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitazama miongo minne ya kumbukumbu na kuona kwamba familia zinazotembelewa kila siku na walinzi na madaktari ziliongezeka kwa asilimia 4.1 kwa mwaka, na zile zisizozoeshwa zilipungua kidogo kidogo. Wale wanaolindwa zaidi waongezeke kwa tatu, na wale wa msituni peke yao kwa sita? Majike huhama familia, ni kweli, na baadhi yao huenda walitoka upande mmoja wa daftari kwenda mwingine. Hawatoshi kuziba pengo lote. Maelezo yaliyo wazi zaidi ni kwamba sehemu ya gorila hao walikuwepo mwaka 2010, na mpito mmoja haukuwaona. Wataalamu wenyewe walisema hivyo walipotoa matokeo: ongezeko ni la kweli, na sehemu yake ni ya kuboreshwa kwa njia ya kuhesabu.

Sisemi haya kupunguza furaha ya mtu. Naona yanaongeza heshima kwa waliofanya kazi. Ilikuwa rahisi kwao kuacha 604 isimame karibu na 480 na kila mtu apige makofi. Walichagua njia inayowafichua wao wenyewe, inayoonyesha kwamba walikuwa wakiruka familia nzima kila walipopita mara moja. Na mwaka huohuo wa 2018, mwezi Novemba, gorila wa milimani wakashushwa kutoka daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka hadi daraja la hatari. Mwaka uliofuata Bwindi, ambako pia walipita mara mbili, wakapata 459, na jumla ya duniani ikawa 1,063.

Timu hazikurudi na vichupa peke yake. Ziling'oa mitego zaidi ya 380 ya kamba na waya. Mitego hiyo hutegewa pongo na funo, nyama ya kula au kuuza, haichagui mguu. Katika mtego mmoja walimkuta gorila amekufa. Huyo hakuhitaji kupelekwa Leipzig.

Jambo moja zaidi la kiufundi, ambalo kwetu Goma si la kiufundi tu. Kupita mara mbili kunataka msitu wote uwe wazi, pande zote tatu za mpaka, mara mbili katika muda mfupi. Mwaka 2008 waasi walikuwa wameshika sekta ya Mikeno na walinzi wakafukuzwa. Mwaka 2012 na 2013 Rumangabo yenyewe, makao makuu ya hifadhi, ilikuwa katikati ya vita. Hesabu ya 2015 na 2016 iliingia kwenye dirisha dogo la utulivu. Mnamo Novemba 2021 milio ya risasi ilianza tena kwenye vilima vya Runyoni na Tshanzu, hapo hapo pembeni mwa msitu, na mwezi wa kwanza wa 2025 vita vikaingia mjini kwetu. Pisteri anayejua pua za familia nzima ni mtu mwenye mke na watoto kijiji cha jirani na hifadhi. Akikimbia na godoro kichwani kuja Goma, anakimbia na daftari lote la pua hizo.

Asubuhi hii Mikeno imeonekana kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, kuanzia shingoni hadi nchani. Jana usiku ilinyesha. Mbayuwayu kwenye waya wa mtaani kwetu wamepungua nusu, na kule juu, kwenye mianzi, udongo umelowa vya kutosha kuanza kuvunjika.